Muhula mmoja Ujerumani: ya kumaliza ukiwa bado Mwanza na ya kufanya ukifika

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa chuo kikuu aliyeko Mwanza, awe Malimbe, Bugando au kwingineko kandokando ya ziwa, anayekwenda kusoma muhula mmoja au miwili Ujerumani kwa mpango wa kubadilishana wanafunzi. Tumeichagua Ujerumani kwa sababu njia hiyo imekwisha kukanyagwa: Mwanza na Würzburg ni miji dada tangu 1966, na hospitali na chuo cha tiba cha Bugando vina uhusiano wa miaka mingi na chuo kikuu cha huko. Anayekwenda nchi nyingine ya Ulaya atakuta mengi yanafanana, ila viwango vya fedha na taratibu za viza zitakuwa tofauti.

Wengi wanaojiandaa kwa safari huogopa baridi, lugha na chakula. Hayo huzoeleka. Kinachoharibu muhula ni karatasi: jina lisilolingana kwenye vyeti viwili, kozi ambayo idara ya nyumbani haikuikubali kwa maandishi, viza iliyoombwa wiki tatu kabla ya safari. Karibu yote hayo yanarekebishika ukiwa nyumbani, na ukishapanda ndege yanakuwa magumu mno. Ndiyo maana sehemu kubwa ya maelezo haya inahusu kazi ya kufanya hapa hapa.

Kwanza jua kalenda yao. Muhula wa baridi huanza rasmi tarehe 1 Oktoba, na vipindi huendelea kuanzia katikati ya Oktoba hadi katikati ya Februari. Muhula wa kiangazi huanza tarehe 1 Aprili, na vipindi huwa katikati ya Aprili hadi Julai. Ukilenga Oktoba, anza kushughulika Januari au Februari. Ukianza Juni utakuwa unakimbizana na viza na chumba kwa wakati mmoja.

Majina

Kabla ya kuomba pasipoti, weka mezani cheti cha kuzaliwa cha RITA, kitambulisho cha NIDA, cheti cha kidato cha nne, cha kidato cha sita na kitambulisho cha chuo. Soma majina herufi kwa herufi. Kanda hii ina matatizo yake mahususi. Mtu aliandikishwa shule kwa jina la babu, akabatizwa kwa jingine, akapata cheti cha kuzaliwa ukubwani kikiwa na la tatu. Emanuel na Emmanuel ni watu wawili machoni pa ofisa wa viza. Majina ya Kisukuma yenye ng' huleta shida ya ziada, kwa sababu mistari ya chini ya pasipoti inayosomwa na mashine haina alama ya king'ong'o. Ng'wandu atasomeka NGWANDU, na tiketi ya ndege nayo itaandikwa hivyo hivyo. Hilo si kosa na usilihangaikie, mradi herufi zenyewe zifuatane sawa.

Ukikuta tofauti ya kweli, amua ni hati ipi itakayokuwa msingi. Kwa mwanafunzi, vyeti vya NECTA ndivyo vigumu zaidi kubadilisha, kwa hiyo mara nyingi ni rahisi kurekebisha NIDA au cheti cha kuzaliwa vifuate vyeti vya shule. Tofauti ndogo hutatuliwa kwa hati ya kiapo ya wakili. Kubadilisha jina lenyewe kunahitaji hati nzito zaidi inayosajiliwa. Fanya hivyo kabla ya kwenda Uhamiaji. Pasipoti yenye jina baya ni gharama mara mbili, na fomu zote zitakazofuata zitalirithi kosa hilo.

Maombi ya pasipoti hujazwa mtandaoni, unalipa kwa namba ya malipo, kisha unapeleka fomu na viambatisho ofisi ya Uhamiaji ya mkoa, ambako huchukuliwa picha na alama za vidole. Ada ya pasipoti ya kawaida ya kielektroniki ni shilingi 150,000. Beba barua ya udahili au ya chuo chako inayoeleza safari, pamoja na vyeti vya kuzaliwa, chako na cha mzazi. Kama mzazi hana cheti, jambo la kawaida kwa waliozaliwa vijijini Ukerewe au Sengerema, uliza mapema kiapo gani kitakubaliwa badala yake.

Makubaliano ya masomo

Hapa ndipo mihula mingi hupotelea. Mwanafunzi anakwenda, anasoma, anafaulu, anarudi, na idara inamwambia kozi zile hazimo kwenye mtaala wake. Anarudia muhula.

Makubaliano ya masomo ni karatasi inayoorodhesha kozi utakazosoma kule na, mkabala na kila moja, kozi ya hapa inayofidiwa. Husainiwa na wewe, chuo cha kule na chuo chako. Vyuo vya kule vimezoea kuisaini. Kazi yako ni kupata sahihi ya hapa kutoka kwa mtu mwenye mamlaka, ambaye kwa kawaida ni mkuu wa idara akiwa na mratibu wa mitihani, na nakala ikae kwa msajili. Neno la mdomo la mwalimu anayekupenda halitoshi. Mwalimu anaweza kuhamishwa au kwenda masomoni kabla hujarudi.

Chukua maelezo ya kozi ya kule yenye mada za kila wiki, yachapishe, uyaweke sambamba na maelezo ya kozi ya hapa. Idara zinazojali hutaka kuona sehemu kubwa ya mada zinalingana. Kozi ya lazima isiyo na mwenzake kule iulizwe mapema: utaisoma mwaka unaofuata, au utafanya mtihani maalumu ukirudi? Jibu liandikwe kwenye karatasi ile ile. Ongeza pia kozi mbili za akiba zilizokubaliwa, kwa kuwa orodha ya kozi za muhula husika mara nyingi hutoka baada ya wewe kusaini, na mojawapo huweza kuwa imefutwa au inafundishwa kwa Kijerumani tu.

Kisha krediti. Vyuo vyetu hufuata mfumo wa TCU, ambamo krediti moja ni saa 10 za kujifunza na mwaka una krediti zisizopungua 120. Ulaya hutumia ECTS: mwaka ni 60, muhula ni 30, na Ujerumani huhesabu krediti moja kuwa saa 30. Ukilinganisha kwa uzito wa mwaka, ECTS moja ni sawa na krediti zetu mbili. Ukilinganisha kwa saa, ni sawa na tatu. Kozi ya ECTS 5 inaweza kurudi nyumbani kama krediti 10 au 15, kutegemea nani anapiga hesabu. Waombe waandike ni kanuni ipi itatumika kabla hujaondoka.

Alama nazo zimegeuzwa. Huku GPA ya 5.0 ni ya juu kabisa, kule 1.0 ndiyo bora, 4.0 ni ya kupita kwa shida, na 5.0 ni kufeli. Matokeo ya 1.3 yakifika kwa karani asiyejua, yanaweza kuingizwa kama ya mtu aliyefeli. Wajerumani hubadilisha alama za kigeni kwa kanuni inayoitwa ya Bavaria. Kwa mfumo wetu, ambao juu ni 5.0 na kupita ni 2.0, kanuni hiyo hufupika vizuri: toa alama ya Kijerumani kutoka 6. Hivyo 1.0 inakuwa 5.0, 2.3 inakuwa 3.7, na 4.0 inakuwa 2.0. Chuo chako hakilazimiki kuifuata, lakini ukiipeleka ikiwa imeandikwa wazi utakuwa umewarahisishia kazi.

Jambo la mwisho la chuoni: bumu. Kama unasoma kwa mkopo wa HESLB, nenda kwa afisa mikopo uulize utathibitishaje malipo ukiwa nje, na hakikisha umesajiliwa kwa mwaka huo hata kama hutakuwepo darasani. Asiyesajiliwa huonekana ameacha chuo.

Fedha na viza

Kwa kukaa zaidi ya siku 90 unahitaji viza ya kitaifa ya Ujerumani. Viza ya Schengen ya matembezi haifai, na ukishafika nayo haigeuzwi kuwa ya masomo. Wapo wanaolazimika kurudi nyumbani kuanza upya. Wanafunzi wa udaktari wanaokwenda mazoezi ya wiki nane hivi wana utaratibu wao, wa muda mfupi, na maelezo haya ya viza hayawahusu.

Ubalozi uko Dar es Salaam, jengo la Umoja House, na alama za vidole lazima uzitoe mwenyewe. Ada ya viza ya kitaifa ni euro 75. Wenye ufadhili wa fedha za umma za Ujerumani, kama ule wa DAAD, shirika la Kijerumani la kubadilishana wanafunzi na wasomi, husamehewa. Uamuzi huchukua wiki kadhaa na unaweza kufika miezi mitatu. Kutoka stendi ya Nyegezi hadi Dar ni zaidi ya kilomita 1,100 kwa basi, kwa hiyo usipange kushuka asubuhi na kuingia ubalozini siku hiyo hiyo. Fika siku moja kabla, ulale, uchape upya karatasi iliyojikunja.

Wanachotaka kuona kwanza ni kwamba unaweza kujitunza. Tangu Septemba 2024 kipimo ni euro 992 kwa mwezi, yaani euro 5,952 kwa miezi sita. Ufadhili wako ukifikia kiasi hicho, barua yake inatosha, ilimradi itaje kiasi kwa mwezi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Ukiwa pungufu, tofauti huwekwa kwenye akaunti maalumu iliyofungwa, ambayo hukuruhusu kutoa kiasi cha mwezi tu. Kuhamisha fedha hizo kutoka benki ya hapa huchukua siku, na benki itauliza chanzo. Shangazi na wajomba wakikuchangia, fedha ziingie kwenye akaunti yako mapema na barua zao zieleze. Kiasi kikubwa kilichoingia juzi bila maelezo humfanya ofisa awe na mashaka.

Pamoja na hayo peleka barua ya kupokelewa, makubaliano ya masomo, matokeo yako, bima ya safari inayoanza siku ya kuondoka, na barua fupi ya kueleza kwa nini chuo hicho na utarudi kumaliza nini. Hiyo barua iandike mwenyewe. Wanaosoma barua hizi kila siku huzitambua zilizonunuliwa.

Afya

Kichocho ni suala la watu wa ziwani na madaktari wa Ujerumani hukutana nacho kwa nadra. Kama umeoga ziwani, umevua au umechota maji ufukweni, pima choo kabla ya safari. Dawa yake, praziquantel, huwaua minyoo waliokomaa na haiwafikii vizuri wachanga, kwa hiyo matibabu huwa na maana zaidi yakifanyika wiki sita hadi nane baada ya mara ya mwisho kuingia majini. Panga hivyo: acha kuingia ziwani miezi miwili kabla, pima, kunywa dozi kwa uzito wako, sahau. Ukiumwa tumbo au ukiona damu ukiwa kule, mwambie daktari kwamba unatoka Ziwa Victoria na utaje bilharzia, jina wanalolijua.

Malaria ni hivyo hivyo. Homa yoyote katika miezi mitatu ya mwanzo, usikubali kuambiwa ni mafua kabla hujapimwa damu. Taja malaria wewe, kwa sababu asiyeulizwa hasemi na daktari naye anaweza asiulize.

Mwenye seli mundu, ugonjwa ulioenea sana kanda hii, apate barua ya daktari wake kwa Kiingereza na dawa za kutosha, kwani baridi ni miongoni mwa vinavyoamsha maumivu. Meno na miwani vitengenezwe hapa. Kule ni ghali na bima hailipi kila kitu.

Mzigo

Koti zito, sweta na soksi za sufu zitafute soko la Mlango Mmoja. Mitumba mingi imetoka nchi za baridi na utapata koti la kweli kwa bei ndogo. Chagua lenye zipu nzima na kofia, litakalopitisha sweta ndani. Viatu nunua kule, kwa kuwa vya huku soli zake huteleza kwenye barafu.

Chakula kina sheria. Nyama na vitu vya maziwa haviingii Umoja wa Ulaya kutoka kwetu, hata vikiwa kidogo: samli, nyama kavu na jibini viache. Samaki wanaruhusiwa hadi kilo 20 kwa matumizi yako, wakiwemo wakavu na wa moshi. Maana yake dagaa wa soko la Mwaloni, Kirumba, ni halali. Chagua waliokauka kabisa, wasio na mchanga, wakaange bila mafuta hadi waanze kukatika kwa vidole, wapoe, kisha wafungwe kwenye mifuko miwili inayobana hewa. Kilo mbili zinatosha muhula. Asali inaruhusiwa hadi kilo 2. Ndizi, nanasi na nazi hazihitaji cheti cha afya ya mimea. Maembe, viazi vitamu na pilipili mbichi vinahitaji, kwa hiyo viache. Unga wa muhogo beba ukiwa kwenye mfuko wa dukani wenye lebo, usiutie kwenye mfuko mweupe usio na maandishi. Mtu wa forodha hapaswi kuachwa akikisia unga mweupe ni nini.

Plagi za kule ni za pini mbili za mviringo, umeme ni ule ule wa volti 230. Adapta mbili zinatosha. Laini yako ya simu iache hai na uwezeshe kupokea ujumbe ukiwa nje, kwa sababu benki na huduma za fedha za simu zitaendelea kukutumia namba za siri humo. Laini ikifungwa, akaunti nazo hufungika nayo.

Tiketi ya Mwanza hadi Dar ikiwa imenunuliwa mbali na ile ya kimataifa, ndege ya kwanza ikichelewa hakuna atakayekulipa ya pili. Lala Dar usiku mmoja. Kumbuka pia uzito wa mizigo: wa ndani ya nchi unaweza kuwa mdogo kuliko wa kimataifa.

Wiki mbili za mwanzo

Ukifika, kuna mlolongo ambao kila hatua inategemea iliyotangulia. Chumba kinakupa fomu ya mwenye nyumba, iitwayo Wohnungsgeberbestätigung. Kwa fomu hiyo na pasipoti unakwenda ofisi ya wakazi ya mji kujiandikisha anwani, kazi inayoitwa Anmeldung, ambayo sheria inataka ifanyike ndani ya wiki mbili. Cheti cha anwani kinafungua mlango wa akaunti ya benki. Akaunti inahitajika ili fedha zilizofungwa ziachiliwe, na ili bima ya afya ikatwe kila mwezi. Bima nayo hupeleka taarifa chuoni kwa njia ya kielektroniki, na bila taarifa hiyo usajili haukamiliki. Miadi ya ofisi ya wakazi hujaa Oktoba, kwa hiyo iweke mtandaoni ukiwa bado Mwanza, mara tu upatapo anwani. Beba pia fedha za kukutosha mwezi mzima, maana mlolongo huo huweza kuchukua wiki tatu au nne kabla hela yako haijaanza kutoka.

Siku ya kwanza kabisa bandika jina lako kwenye kisanduku cha barua, likiwa kama lilivyo kwenye pasipoti. Ujerumani inaendeshwa kwa barua za karatasi. Kadi ya benki, namba ya siri, kadi ya bima na namba ya kodi huja kwa posta, na mleta barua asipoona jina huirudisha. Wengi husubiri kadi ya benki wiki nzima kumbe tayari imerudi ilikotoka.

Chumba cha bweni mara nyingi ni euro 250 hadi 400 kwa mwezi, na bima ya wanafunzi chini ya miaka 30 inakaribia euro 150. Weka dhamana pembeni: inaweza kufika kodi ya miezi mitatu. Usimlipe kamwe mtu asiyejulikana aliyetangaza chumba kizuri kwa bei rahisi na kusema funguo zitakuja kwa posta. Wizi huo unawalenga hasa walio mbali. Siku ya kukabidhiwa, piga picha kila ukuta, kila mkwaruzo na kila doa, na madoa yaandikwe kwenye fomu ya makabidhiano. Picha hizo ndizo dhamana yako ya kurudishiwa dhamana.

Barua itakayokushtua baada ya wiki chache ni ya ada ya redio na televisheni, euro 18.36 kwa mwezi. Hulipwa kwa kila makazi hata kama huna televisheni. Mnaoishi pamoja nyumba moja hulipa moja mkagawana. Mwenye chumba cha bweni kinachojitegemea hulipa peke yake. Ukiipuuza deni linaongezeka na huja na faini.

Ndani ya nyumba

Madirisha hufungwa barabara wakati wa baridi na mvuke wa kupika, kuoga na kufua hugeuka ukungu mweusi ukutani. Mwenye nyumba atakudai. Fungua dirisha wazi kabisa dakika tano hadi kumi, mara mbili au tatu kwa siku, ukiwa umezima kipasha joto, kisha ufunge. Kuliacha wazi kidogo siku nzima kunapoteza joto na kupoza ukuta, na ukuta uliopoa ndio unaovuta ukungu.

Dagaa wapikwe kwa kufunikwa, feni ya jikoni ikiwa imewashwa na mlango wa korido umefungwa. Kitambua moshi cha bweni kikilia, zimamoto huweza kufika na gharama ikawa yako. Waambie wenzako wa jikoni siku utakayopika, wakaribishe kuonja. Ukarimu huo huleta amani kuliko maelezo.

Takataka hutenganishwa: karatasi, mabaki ya chakula, vifungashio, chupa za vioo, na yaliyobaki. Chupa nyingi za plastiki na makopo ya vinywaji zina dhamana ya senti 25 kila moja, unarudishiwa kwenye mashine ya duka kubwa. Kuanzia saa nne usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi ni muda wa ukimya, na Jumapili maduka hufungwa. Nunua chakula Jumamosi.

Darasani

Anza na saa. Ratiba zao huandikwa kwa saa 24: 14:00 ni saa nane mchana. Zikiwa na herufi c.t., kipindi huanza robo saa baadaye, hivyo 10 c.t. ni saa nne na robo asubuhi, zikiwa s.t., ni dakika ile ile. Mwanza iko mbele kwa saa mbili wakati wa baridi na saa moja wakati wa kiangazi, mabadiliko yakifanyika Jumapili ya mwisho ya Machi na ya Oktoba. Mama akipigiwa simu saa tano usiku ya kule, kwake ni saa saba.

Kozi nyingi hazina majaribio ya katikati. Alama yote huweza kutoka kwenye mtihani mmoja wa mwisho, na hakuna anayechukua mahudhurio. Uhuru huo huwaponza waliozoea kusukumwa na mazoezi ya kila mwezi. Jiwekee majaribio yako kwa mitihani ya miaka iliyopita. Chama cha wanafunzi cha idara mara nyingi huwa nayo.

Mtihani wenyewe lazima ujiandikishe, mtandaoni, ndani ya dirisha fupi linaloweza kufungwa mwezi mzima au zaidi kabla. Asiyejiandikisha hafanyi. Aliyejiandikisha asipotokea bila cheti cha daktari hupewa 5.0. Andika tarehe hizo siku ya kwanza ya muhula.

Mwalimu hukutana na wanafunzi kwa saa maalumu za wiki. Nenda na swali lililoandikwa. Kumpinga kwa hoja darasani si utovu wa adabu kule, na mwanafunzi anayekaa kimya kwa heshima huonekana hakusoma. Hili huwa gumu kwa waliolelewa kumsikiliza mkubwa. Anza na swali moja kwa kila kipindi cha semina hadi ulimi uzoee.

Kufanya kazi kunaruhusiwa kwa kiasi, sasa siku nzima 140 au nusu siku 280 kwa mwaka, lakini soma kwanza maandishi ya kwenye viza yako. Katika muhula mmoja usitegemee mshahara kulipa kodi. Kuhusu ndugu wa nyumbani, waeleze kabla hujaondoka kwamba euro 992 zinaishia kwenye chumba, bima na chakula. Ni bora lisemwe mapema, tena na mzazi mbele ya wote, kuliko kukataa simu moja baada ya nyingine ukiwa peke yako chumbani.

Novemba hadi Januari ndio wakati mgumu. Ziwani kwetu mchana ni saa kumi na mbili mwaka mzima. Würzburg mwezi Desemba hupata kama saa nane tu. Usingizi huvurugika na moyo huwa mzito, hata kwa mtu mchangamfu. Toka nje kila siku adhuhuri, hata kukiwa na mawingu, na ujiunge na kitu chenye siku na saa maalumu, kwaya, mpira, au darasa la Kijerumani, ili kuwe na watu watakaogundua usipofika. Uzito ukizidi wiki mbili, vyuo vina washauri wa bure. Kwa dharura namba ni 112, polisi 110, na daktari wa nje ya saa za kazi asiye wa dharura ni 116117.

Kurudi

Wiki sita kabla, toa notisi ya chumba kwa maandishi kama mkataba unavyotaka. Wiki ya mwisho futa anwani yako kwenye ofisi ya wakazi, kwa sababu cheti cha kufuta ndicho kinachosimamisha bima na ada ya redio. Akaunti ya benki iache wazi hadi dhamana ya chumba irudi. Ukiifunga mapema fedha hazina pa kuingia.

Matokeo rasmi yanaweza kutoka wiki nne hadi nane baada ya mtihani, wewe ukiwa tayari Malimbe. Acha kwenye ofisi ya kimataifa ombi la maandishi la kutumiwa nakala moja wewe na nyingine moja kwa moja kwa msajili wako. Ikifika, iweke pamoja na makubaliano ya masomo na ile kanuni ya alama, upeleke zote kwa mratibu wa mitihani, na uombe nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Kisha angalia mwenyewe kwenye mfumo wa matokeo kama kila kozi imeingia kwa krediti mlizokubaliana, kabla bodi ya mitihani haijakaa. Na tangu usiku wa kwanza lala ndani ya chandarua: miezi sita bila malaria hupunguza kinga uliyokuwa nayo, na homa ya sasa inaweza kukulaza vibaya kuliko zile za zamani.